Kabla hujahamishia shamba bondeni, uliza maji yaliwahi kufika wapi

Mvua zikisuasua, wakulima wengi wa Lindi na Mtwara hushuka mabondeni. Nawaelewa kabisa. Juu ya uwanda wa Makonde mchanga unameza maji yote, ilhali kando ya Lukuledi, Mbwemkuru na Ruvuma ardhi inabaki na unyevu hata masika yakiisha. Kinachonitia hofu ni hesabu ninayoisikia nikizunguka vijijini: "Mwaka wa tatu huu maji hayajafika hapa." Kwa hesabu hiyo mtu anafyeka ekari mbili, anapanda mpunga, anajenga na dungu. Mwaka wa nne mto unapita usiku mmoja na kuondoka na vyote.

Aliyeonyesha kwa takwimu kwamba miaka mitatu haitoshi ni Harold Edwin Hurst, mtaalamu wa maji kutoka Uingereza. Alikwenda Cairo mwaka 1906, na sehemu kubwa ya maisha yake ikapita katika kuupima Mto Nile, hadi akaitwa Abu Nil, Baba wa Nile. Alikuta hazina ambayo mito michache duniani inayo: kumbukumbu za kina cha maji katika kisiwa cha Roda, zinazoanzia mwaka 622. Swali lake lilikuwa la mkulima hasa. Ghala la maji liwe kubwa kiasi gani ili akiba ya miaka ya neema ivushe watu miaka ya ukame?

Jibu alilichapisha mwaka 1951. Miaka ya maji mengi huelekea kufuatana, na ya maji machache nayo huelekea kufuatana, kupita vile ambavyo bahati peke yake ingeleta. Alipima pia mvua, pete za miti na matabaka ya tope la maziwa, akakuta tabia hiyohiyo. Mwaka 1968 mwanahisabati Benoit Mandelbrot na mtaalamu wa maji James Wallis waliipa jina la Nabii Yusufu, kwa ile miaka saba ya shibe na saba ya njaa. Leo kipimo cha Hurst, yaani namba inayoonyesha tabia hiyo ina nguvu kiasi gani, hutumiwa na wachunguzi wa hali ya hewa, wa bei za masoko, hata wa msongamano wa mawasiliano kwenye intaneti. Kwetu sisi, ambao kisa cha Yusufu tunakisikia msikitini na kanisani, fundisho hili halihitaji mkalimani: utulivu wa miaka mitatu au minne huenda ni kipande tu cha kipindi kirefu cha ukavu, na kipindi hicho kina mwisho wake.

Basi kabla ya kufyeka, tembea bondeni na mzee aliyezaliwa hapo. Usimuulize kama kuna mafuriko. Muulize maji yalifika kwenye mti gani, mwezi gani, yakakaa siku ngapi. Tazama na wewe mwenyewe: nyasi kavu zilizonasa kwenye matawi, mstari wa tope kwenye magogo, mchanga mpya juu ya udongo mzito. Weka alama mahali pa juu kabisa palipotajwa.

Kisha gawa shamba kwa kimo. Mikorosho, mbaazi, ufuta na muhogo vikae juu ya alama hiyo, maana mizizi yake haivumilii maji yaliyotuama. Mpunga uwe chini yake, lakini kumbuka kwamba mbegu fupi kama SARO 5 inataka maji unayoweza kuyaongoza. Majaruba yasiyo na njia ya kutolea maji huizamisha. Sehemu ya chini kabisa iachie mboga na mahindi ya kiangazi, mto ukishashuka. Usiweke mtaji wako wote kwenye kimo kimoja, hata kama msimu unaonekana umekwisha: kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu mapema Mei 2024, na maji yakakata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam.

Ukingo wenyewe usiuguse. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka mtoni, na matete na miti iliyopo ndiyo inayoshika udongo wa shamba lako. Ukitaka kuvuta maji kwa pampu, omba kwanza kibali katika Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini.

Kazi inayobaki ni ndogo, ila haitaki uvivu. Chimbia nguzo imara pembeni mwa shamba, ichore mistari kila sentimita 10. Karibu nayo, mahali pa wazi, weka kopo lenye mdomo na kitako vya upana mmoja. Kila asubuhi ya masika pima kwa rula mvua iliyoingia, andika, mwaga. Milimita moja kwenye ekari moja ni kama lita 4,000 za maji. Maji ya mto yakifika kwenye nguzo, andika tarehe, kimo na siku yaliyoondoka. Mwaka ambao hayakufika uandikwe pia. Daftari liwe la kikundi, na nakala ikae ofisi ya kijiji, ili anayepewa shamba bondeni alisome kabla hajashika jembe.