Ipe kila oda tokeni yake kabla ya kitufe cha "Lipa"

Ukitengeneza mfumo wa kukata tiketi za mabasi ya Mbezi, usikiamini kitufe cha "Lipa" peke yake. Abiria yuko ndani ya daladala, mtandao unakatika Ubungo, anabonyeza tena, na seva inapokea maombi mawili yanayofanana kabisa. Kukizima kitufe kwa JavaScript hakutoshi. Akifungua ukurasa upya kinakuwa hai.

Dawa ni tokeni, yaani msimbo wa siri wa kutumika mara moja tu. Seva inapoandaa fomu, itengeneze tokeni isiyokisika, iiweke ndani ya fomu na kuihifadhi kwenye hifadhidata pamoja na namba ya oda, hali ya sasa ("haijalipiwa") na hali inayoruhusiwa kufuata ("inalipiwa"). Si "imelipwa", maana mteja bado hajaweka namba ya siri kwenye simu yake.

Wengi wanateleza hapa: wanasoma kwanza kama tokeni imetumika, ndipo wanaandika. Maombi mawili yakifika kwa pamoja, yote yatasoma "bado", na mtu atakatwa mara mbili. Tumia amri moja ya SQL ya UPDATE inayoitaja tokeni hiyo na kuweka imetumika = true, yenye sharti imetumika = false, kisha angalia idadi ya safu zilizobadilika. Ikiwa 1, badilisha hali ya oda ndani ya muamala huohuo wa hifadhidata. Ikiwa 0, tafadhali usimtupie ujumbe mwekundu wa kosa. Mwonyeshe oda yake ilipofikia. Ni nauli yake, lazima ana wasiwasi.

Mwishoni mpeleke ukurasa mwingine kwa jibu la HTTP 303 (linalokiambia kivinjari kifungue anwani nyingine), ili akirifreshi fomu isitumwe tena.