Namna ya kumfinyanga mbwa wa Colima ukiwa Dar es Salaam

Kati ya mwaka 300 KK na 300 BK hivi, wafinyanzi wa Colima, magharibi mwa Meksiko, walitengeneza mbwa wanene wekundu, wenye uwazi tumboni, waliozikwa pamoja na wafu. Ni kazi ya ustadi wa ajabu.

Changanya vikombe 4 vya udongo wa mfinyanzi na kikombe 1 cha vigae (vipande vya vyungu vilivyovunjika) vilivyotwangwa na kuchekechwa. Usipoweka vigae, udongo husinyaa mno na miguu hupasuka inapoungana na tumbo. Finyanga mabakuli mawili yenye unene wa milimita 7, kwaruza kingo, paka uji wa udongo, unganisha yawe tumbo. Bandika kichwa, miguu na mkia vivyo hivyo. Acha tundu mkiani. Hewa lazima itoke.

Akishakuwa mgumu kidogo, mpake uji wa udongo mwekundu, kisha msugue kwa kokoto laini hadi ang'ae. Akikauka kabisa kabla ya kusuguliwa, hang'ai vizuri.

Joto la Dar lisikudanganye, hewa yake ina unyevu: mkaushe kivulini wiki 2, masika zaidi. Mguse kwa shavu. Akiwa baridi, maji bado yamo, na mvuke utampasua motoni. Mpashe kando ya makaa saa 2, ndipo umfunike kwa kuni na makumbi ya nazi. Majivu yakishapoa, mtoe.