Somo: Kusaka uvujaji wa kumbukumbu kwa Valgrind

Programu inayovuja kumbukumbu, yaani inayoiomba bila kuirudisha, haifi papo hapo. Inaanza vizuri, RAM inapanda kidogo kidogo, mwisho mfumo unaizima. Somo hili ni kwa wanaoandika C au C++ kwenye Linux, na zana yetu ni Valgrind, inayoendesha programu yako huku ikifuatilia kumbukumbu yake.

Hatua ya 1: Kompaili upya

gcc -g -O0 mfano.c -o mfano

Hiyo -g ndiyo itakayokupa namba za mistari. Ukiisahau, ripoti haitakuonyesha mstari wowote.

Hatua ya 2: Endesha

valgrind --leak-check=full ./mfano

Itajikongoja, mara 20 hadi 30 polepole kuliko kawaida. Ipe data ndogo, ila hakikisha inapita pale unapopashuku.

Hatua ya 3: Soma ripoti

Hapa ndipo wengi hupotea. Chukua funksheni hii:

5  int soma_mstari(FILE *f) {
6    char *bafa = malloc(100);
7    if (!bafa) return -1;
8    if (!fgets(bafa, 100, f)) return -1;
9    free(bafa);
10   return 0;
11 }

Valgrind itasema:

100 bytes in 1 blocks are definitely lost
  at malloc
  by soma_mstari (mfano.c:6)
  by main (mfano.c:20)

Ukikimbilia mstari wa 6 utakodoa macho bure, maana hauna kosa. Ripoti inakuonyesha kumbukumbu ilikoombwa. Ilikopotelea unapatafuta mwenyewe. Anzia hapo ushuke, ukiuliza kila return: bafa imeachiliwa? Ya mstari wa 8 haikuachilia. Faili likiisha tunatoka, na baiti 100 hazina tena anayezijua. Weka free(bafa) kabla ya return hiyo, kompaili, endesha tena.

Shughulika na "definitely lost" kwanza. "Indirectly lost" mara nyingi ni mkia wake tu: kichwa cha orodha ya nodi zilizounganishwa (linked list) kikipotea, nodi zote zilizofuata zinahesabiwa humo. Tibu kichwa kwa kuachilia orodha nzima, si nodi ya kwanza peke yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Yangu inaonyesha "still reachable" tu. Nihangaike?

Jibu: Kwa programu fupi, hapana. Kielekezi (pointer) cha kumbukumbu hiyo bado kipo, na mfumo unachukua kumbukumbu yote programu inapoisha. Kwa seva inayokaa hewani muda mrefu, angalia kama kiasi hicho kinakua. Kikikua, kuna orodha unayoijaza bila kuipunguza. Hiyo isake kwa Massif, zana nyingine iliyomo ndani ya Valgrind.

Swali: Nimeweka -g lakini baadhi ya mistari bado ni ???

Jibu: Huenda ni maktaba iliyopakiwa kwa dlopen ikafungwa kwa dlclose kabla ripoti haijaandikwa. Ondoa dlclose kwa muda unapopima.

Swali: Programu yangu nzito, kusubiri mara 20 siwezi. Njia mbadala?

Jibu: Kompaili na -fsanitize=address -g, inayotia ukaguzi wa kumbukumbu ndani ya programu yenyewe (AddressSanitizer), uendeshe kama kawaida. Inapunguza kasi takriban mara 2 tu. Usiiendeshe programu hiyo ndani ya Valgrind, haziivi chungu kimoja.

Swali: Sisi wa Python je?

Jibu: Tumia tracemalloc, moduli ya kufuatilia kumbukumbu, imo tangu Python 3.4. Piga picha mbili za kumbukumbu kwa take_snapshot(), moja kabla na moja baada ya kazi, kisha uzilinganishe kwa compare_to(). Mstari uliozidi kukua utakaa juu kabisa ya orodha.