Jinsi ya kuomba kama Nehemia, hata ukiwa kazini

Tukiongelea maombi wengi tunakimbilia kwa Eliya au Danieli, ila mimi nakwambia kasome Nehemia, sura ya 1 na ya 2 zinatosha kuanzia. Jamaa hakuwa nabii wala kuhani, alikuwa mnyweshaji, yule anayempa divai mfalme Artashasta wa Uajemi kule Shushani, yaani mtu mwenye ajira na bosi ambaye ukimuudhi unaweza usirudi nyumbani.

Kwanza usiharakishe kufungua mdomo. Hanani ndugu yake alikuja toka Yuda akamwambia ukuta wa Yerusalemu umebomoka na malango yameteketezwa kwa moto, Nehemia akakaa chini akalia, akafunga siku kadhaa. Sisi tukipewa habari mbaya tunajibu "tuombe" halafu tunaendelea na simu. Hebu acha jambo likuume kwanza, ndo utajua unaomba nini.

Halafu chukua daftari usome 1:5-11 taratibu. Anaanza na Mungu ni nani, shida bado hajaigusa. Inafuata toba na hapa pananichoma kila nikipasoma, maana hasemi "wao walikosa", anasema tumekosa, mimi na nyumba ya baba yangu. Kisha anamkumbusha Mungu lile neno alilompa Musa, kwamba watu wakirudi kwake atawakusanya hata kama wametawanyika mbali. Ombi lenyewe linakuja mwishoni kabisa, fupi tu: nifanikishe leo, nipate rehema mbele ya mtu huyu. Mtu huyu! Anamuongelea mfalme wa Uajemi lakini mbele za Mungu cheo hakitajwi. Kama kuna mtu anakutetemesha jaribu kumuita hivyo ukiwa unaomba, utaona anavyopungua ukubwa. Andika maombi yako kwa mpangilio huo, na ombi liwe sentensi moja inayoeleweka, sio "nibariki katika yote".

Sasa uvumilivu. Kwa kalenda ya Kiyahudi habari ilifika mwezi wa Kisleu, mlango ukafunguka mwezi wa Nisani, hapo ni kama miezi minne, na mwenyewe anasema aliomba mchana na usiku. Kwahiyo usifunge daftari wiki ya kwanza.

Sehemu watu wanaipenda ni 2:4. Mfalme kamuona ana huzuni, anamuuliza unataka nini, Nehemia kaogopa sana, na kati ya swali na jibu akamwomba Mungu wa mbinguni. Hakupiga magoti wala kufumba macho, hata maneno hayajaandikwa. Wewe pia unaweza, ukiwa kwenye usaili au kabla hujajibu ile meseji ya hasira, chukua ile sentensi yako moja uiseme kimoyomoyo. Ila kiukweli mtu asikudanganye kwamba maombi ya sekunde mbili yanatosha maisha yote, yale yalikuwa yamebebwa na miezi minne ya nyuma.

Na angalia alivyojibu: akaomba atumwe Yuda akaujenge mji, akataja muda atakaotumia, akaomba barua za kupita kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto Frati, na barua kwa Asafu mtunza msitu wa mfalme apewe miti. Huyu alikuwa anaomba huku anapiga hesabu. Kwahiyo pembeni ya ombi lako andika utahitaji nini Mungu akisema ndio kesho asubuhi. Unaombea kazi miezi sita sasa na wasifu wako hujauandika, hapo tunafanyaje?

Baadaye ujenzi ukiendelea, wapinzani wao kina Sanbalati na Tobia walipopanga kuwashambulia, 4:9 inasema waliomba na wakaweka walinzi, vyote viwili, na hakuna aliyewaambia imani yao ndogo. Ukuta ukakamilika kwa siku 52.

Na siku ukiwa umechoka hata daftari hulitaki, fungua 6:9, kuna kaombi ka mtu aliyechoka kama wewe, anamwambia Mungu amtie nguvu mikono. Sema hilohilo ulale.