Kabla hujakubali giaboksi ishushwe

Mama mwenye nyumba ndiye aliyeanza. "Mwalimu, gari lako linanichafulia pevingi." Kweli, pale ninapoegesha Corolla 110 yangu, yenye injini ya 5A, palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa sahani. Nikaenda kwa fundi. Akaingia chini, akatoka na kidole cheusi. "Sili ya nyuma ya krenki, mwalimu. Tushushe giaboksi." Yaani raba inayozuia oili pale mhimili wa injini unapoelekea giaboksi. Sh 280,000, ufundi peke yake. Nikamwambia naenda kujipanga kwanza, maneno yetu sisi tusio na hela. Baadaye ikaja kujulikana kwamba kilichokuwa kinavuja ni oringi, kipete cha raba cha kuzibia, ya Sh 3,000.

Fundi hakuwa mwongo. Aliangalia oili inapodondokea, hakuangalia inakotokea. Oili hutoka juu, ikateleza kwenye chuma, ikafuata kona na bolti, na ukiwa barabarani upepo unaisukuma kurudi nyuma. Ukilala chini ya gari unaona mwisho wa safari tu. Unachotafuta ni sehemu ya juu kabisa yenye unyevu mbichi.

Kwanza hakikisha ni oili. Tandika boksi kavu chini ya injini usiku kucha. Tone la kahawia au jeusi ni oili ya injini. Jekundu mara nyingi ni la giaboksi ya otomatiki au pawa stelingi. Maji matupu baada ya kuwasha AC si ugonjwa. Chora kwenye boksi alama ya tairi la mbele, ujue tone limeangukia upande gani.

Kisha osha injini, na hapa ndipo wengi tunapofanya uvivu. Injini yenye matope ya oili ya miaka kumi haikuambii kitu. Subiri ipoe kabisa, funika distribyuta (inayogawa umeme kwa plagi) na altaneta (inayochaji betri) kwa mifuko ya nailoni, paka sabuni ya kuondoa grisi kwa brashi, suuza kwa maji ya kawaida, si ya presha. Iache ikauke. Mimi baada ya hapo nilipuliza poda ya mtoto nyuma ya injini na pembeni mwa tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini, nikaendesha kama kilomita 15 na kurudi. Nilipofungua boneti, poda yote ilikuwa nyeupe isipokuwa mstari mmoja wa kahawia, mwembamba kama uzi, ulioanzia chini ya distribyuta na kushuka hadi juu ya giaboksi. Nilicheka peke yangu.

Kwenye injini hizi distribyuta imechomekwa ubavuni mwa kichwa cha injini, upande wa giaboksi, na inazibwa na oringi moja. Ikizeeka, oili inashuka moja kwa moja pale ambapo sili ya krenki nayo ingevujia. Ndipo watu wanaposhushiwa giaboksi bure.

Kuibadilisha si kazi kubwa. Chomoa waya hasi wa betri. Toa kifuniko cha distribyuta, kisha kwa kalamu ya rangi weka alama mbili: rota, kile kipande kinachozunguka ndani, inaelekea wapi, na mwili wa distribyuta umekaa wapi kwenye kichwa cha injini. Alama hizi usizipuuze, kwa sababu kuizungusha distribyuta ndiko kunakobadilisha taimingi, yaani wakati plagi zinapotoa cheche. Distribyuta ikishatoka, mtu yeyote asiguse ufunguo wala kuzungusha injini. Oringi yangu ilikuwa imekuwa bapa, ngumu kama plastiki. Nilipoichokoa kwa bisibisi ndogo ilikatika kama biskuti. Nenda nayo dukani wailinganishe kwa macho. Mpya ipake oili kidogo, rudisha distribyuta alama kwa alama, kaza. Alama zikipotea, usikisie. Tafuta fundi mwenye taa ya taimingi.

Kama unyevu unaanzia juu zaidi, mtuhumiwa ni gasketi ya tapeti kava. Dalili nyingine ni harufu ya kuungua oili inapoangukia ekzosi, au oili ndani ya mashimo ya plagi na gari kuanza kukosa, yaani plagi moja haichomi vizuri. Nunua gasketi pamoja na raba za mashimo ya plagi. Safisha pande zote mbili bila kukwangua aluminiamu kwa kisu. Silikoni weka tone dogo kwenye kona tu, pale kepu ya kemshafti (mhimili unaofungua vali) inapokutana na kichwa. Nimeona mtu akipaka silikoni kama siagi kwenye mkate. Inayobaki ndani hukatika na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Na nati za kava zinataka mkono mwepesi sana. Kaza kidogo kidogo kwa kupishanisha. Ukitumia nguvu ya nati za tairi, kava linapinda na uvujaji unarudi.

Kabla hujafunga, chomoa vali ya PCV, ile inayopumulia injini, kwenye tapeti kava uitikise sikioni. Nzima inalia cheke-cheke. Ikiwa kimya, imeziba. Injini haipumui, na presha ya ndani itaisukuma oili kwenye gasketi yako mpya pia.

Chujio la oili na nati ya kumwagia oili ziangalie hasa kama uvujaji umeanza baada ya sevisi. Mara nyingine raba ya chujio la zamani hubaki imeganda, la pili likafungwa juu yake. Oili ikitokea chini ya kava la mkanda wa taimingi, hizo ni sili za mbele, na mkanda uliolowa oili haudumu. Hiyo kazi mimi nampa fundi, na sili zote tunabadilisha pamoja na mkanda.

Wakati wote huo pima kijiti cha oili kila asubuhi. Taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, simama pembeni uzime gari papo hapo.

Nilipomaliza nilitandika boksi jipya. Siku ya kwanza kavu, ya pili kavu. Ya tatu nikakuta tone moja, jekundu, upande wa stelingi. Nimeweka boksi jingine, mama mwenye nyumba bado hajaliona.