Jinsi ya kutunga chemsha bongo yenye siri ndani yake

Chemsha bongo ya kawaida kila mtu anaijua, unauliza mji mkuu wa Burundi, mmoja anasema Bujumbura mwingine anasema Gitega, wanabishana nusu saa halafu anatafutwa mwenye bando amalize ugomvi. Hii ninayoieleza hapa ni nyingine kidogo. Maswali yanakuwa matano au sita, kila moja limesimama peke yake, lakini majibu yote kuna kitu kimoja kinayafunga na hicho kitu wewe muulizaji hukisemi. Anayekigundua mapema ndo bingwa hata kama maswali yenyewe kapata mawili tu. Kwa baraza za huku Ngamiani, Tanga, baada ya isha, kahawa na kashata zipo, mchezo huu unakaa vizuri sana kwa sababu watu kumi wanacheza kwa mpigo, hakuna cha kusubiri zamu kama kwenye bao.

Wengi wakitaka kutunga wanaanza na maswali, wanakusanya ya hapa na pale halafu ndo wanahangaika kutafuta yanafanana wapi. Utakesha. Anza na siri yenyewe, halafu majibu, maswali yaje mwisho kabisa. Na siri nzuri ni ile ambayo watu wako wanayo tayari kichwani au hata mfukoni, ila hawajawahi kuitazama hivo.

Mfano ninaoupenda mimi ni noti zetu za Tanzania. Buku, yaani elfu moja, ina Nyerere, elfu mbili ina simba, elfu tano kifaru, elfu kumi tembo, na jero (mia tano) ya karatasi, ile iliyoanza kupotea baada ya sarafu kutoka mwaka 2014, ilikuwa na Karume. Majibu matano hayo tayari. Sasa usije ukauliza "mfalme wa porini ni nani", hilo ni swali la chekechea na wakishasikia wanyama wawili wa porini mfululizo umekwisha. Jibu unalificha kwenye maana yake nyingine, na hapa ndo Kiswahili kinakubeba kweli kweli. Mimi nayauliza hivi:

Klabu gani ilianza 1936 ikiitwa Queens, baadaye ikawa Sunderland, halafu 1971 ikachukua jina ililonalo mpaka leo?

Chombo gani cha vita Waingereza walikiingiza vitani kwa mara ya kwanza Septemba 1916 kule Somme, Ufaransa?

Mgema akisifiwa hulitia maji nini?

Rais gani alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili?

Nani alikuwa baharia kabla hajawa rais wa kwanza wa Zanzibar?

Angalia yanavyokwenda. La kwanza Simba, hapo wapenzi wa Yanga wananuna kidogo, wanadhani ni mambo ya mpira. La pili kifaru, na mtu mwenye haraka anaruka na kusema wanyama, wanyama! La tatu tembo, sasa baraza zima linaamini ni wanyama na yule wa kwanza ameshaanza kudai kahawa yake. La nne linakuja Nyerere. Kimya. Halafu kelele, Mwalimu kaingiaje mbugani tena? Utamu wote wa mchezo uko kwenye hiyo dakika, kwa hiyo mpangilio wa maswali una uzito kuliko maswali yenyewe. Hayohayo matano ukianza na Nyerere na Karume watasema waasisi wa Muungano, wakifika kwa Simba watachanganyikiwa, inafaa pia, ila kwa maoni yangu kuwapeleka kwa wanyama kwanza ni kutamu zaidi maana wanakuwa na uhakika wa uongo.

Halafu kuwa makini na neno moja tu linaloweza kuvujisha siri. Swali la klabu ukiuliza "wekundu wa Msimbazi ni akina nani" umejimaliza, kwa sababu mtaani wekundu wa Msimbazi ni noti ya elfu kumi, kuna mtu atakumbuka hela papo hapo. Kila swali ukishaliandika lisome tena ukijifanya wewe ndo unaulizwa, toa kila neno linalonusa siri.

Siri nyingine iliyokubali sana ni wadudu. Kikosi cha Waingereza kilichotua Tanga Novemba 1914 kupigana na Wajerumani kilishambuliwa na kiumbe gani hadi vita ikapewa jina lake? Nyuki, na wazee wa hapa hawalikosi hilo hata usingizini. Ronald Ross mwaka 1897 kule India aliona vimelea vya malaria ndani ya nini? Mbu. Malale inaenezwa na nani? Mbung'o. Halafu unawatupia hili, chuma cha kujengea nguzo, kinauzwa kwa milimita, kumi, kumi na mbili, kumi na sita, kinaitwaje? Fundi yeyote atajibu nondo kabla hujamaliza, ila akilini mwake anaona zege, haoni yule mdudu anayezunguka taa usiku. Hilo la nondo liweke la kwanza, usiliweke mwisho.

Ukichoka na maana za maneno tumia herufi. Meli iliyogonga mwamba wa barafu Aprili 1912, Titanic. Bustani ya mimea Wajerumani waliianzisha 1902 juu huko Usambara, Amani. Mji uliozaliwa na reli ya Uganda mwaka 1899, Nairobi. Nchi iliyopata uhuru Machi 1957, Ghana. Nchi iliyopata uhuru kutoka kwa Wareno Novemba 11, 1975, Angola. Soma herufi za mwanzo kwenda chini. Hii haifai sana barazani kwa sababu watu hawaandiki, iweke kwenye grupu la WhatsApp ambako majibu yanabaki yanaonekana yamepangana.

Kisichofaa ni siri ambayo ipo mbele ya macho ya wasikilizaji. Mtu anatunga, Shaaban Robert alizaliwa wapi 1909, zao gani Mjerumani Hindorf alilileta 1893, mapango ya Amboni yako mkoa gani, samaki silikanti aliyedhaniwa katoweka tangu enzi za mijusi wakubwa mpaka alipovuliwa Afrika Kusini 1938 amepewa hifadhi ya bahari mkoa gani huku kwetu. Maswali mazuri, ila ukiwauliza watu wa Tanga swali la pili tu wanakucheka. Hayo peleka Mwanza kwa mashemeji zako.

Alama sasa. Kila jibu alama moja. Atakayetaja siri baada ya swali la pili anapata tano, baada ya la tatu anapata nne, inashuka hivyo hivyo, baada ya la tano ni mbili, na kama lipo la sita ni moja. Na anayetaja siri akakosea anafungiwa, anaruhusiwa kujibu maswali ila siri haigusi tena raundi hiyo. Hii sheria usiiache hata wakikulilia, bila hiyo wapo watu wataropoka kila sekunde, rangi, matunda, makabila, mpaka wapate kwa bahati. Mimi namwambia mwenye kujua amnong'oneze muulizaji sikioni, mchezo unaendelea kwa wengine na yeye anakaa anatabasamu, na kusema kweli lile tabasamu linawauma wenzake kuliko alama.

Simu zisikusumbue sana. Swali moja moja linapatikana Google lakini siri haipatikani kirahisi, ndo maana alama nyingi zimewekwa huko. Wanaotaka kuperuzi waperuzi, wataishia na alama moja moja.

Kwenye ukweli wa maswali ndo usifanye mzaha. Epuka maswali ya "mto mrefu kuliko yote" maana Nile na Amazon wana wapenzi wao na ugomvi hauishi, epuka "wa kwanza duniani" kama hujui wa kwanza kwa kigezo gani. Mwaka ukikushinda kuupata kwa uhakika uache, tengeneza swali bila mwaka. Na hakikisha jibu ni moja tu. Pale kwa mgema kuna mzee anaweza kusema "pombe", ndo maana nimechukua methali badala ya kuuliza kinachotoka kwenye mnazi, methali haina majibu mawili.

Changanya pia umri. Katika matano weka moja la wazee, moja la watoto wa shule, moja la mpira, moja la jikoni kama kuna kina mama, kila mtu ashike angalau kipande kimoja, maana siri inapatikana kwa majibu ya watu wengine pia. Zawadi isizidi kikombe cha kahawa, ikiwa pesa watu wanaacha kucheka.

Hii hapa ya kuanzia leo usiku, siri sitaji. Binadamu gani alikuwa wa kwanza kufika anga za juu? Rais gani wa Marekani alizaliwa Honolulu? Katibu Mkuu gani wa Umoja wa Mataifa alikufa kwenye ajali ya ndege karibu na Ndola? Ukuta gani ulianza kubomolewa Novemba 1989, na ulianza kujengwa lini? Tarehe 9 Desemba tunasherehekea nini? La ukuta wakikwama waachie, nenda la Desemba, halafu rudi nyuma.