Nyumba ya kaunti Nairobi ikivuja na kodi ikikulemea: pa kuanzia na pa kupeleka malalamiko

Nyumba nyingi za kaunti za Kaloleni, Ziwani, Shauri Moyo, Bahati, Maringo na Jericho zilijengwa kati ya miaka ya 1930 na 1960, nyingi zikiwa za mfanyakazi mmoja au familia ndogo. Leo chumba kilekile kinalaza wazazi, watoto na wajukuu, paa limechoka, na mfereji wa maji taka uliochimbwa kwa watu wachache unafurika kila msimu wa mvua. Wanaoishi humo wanakaa kwa sababu kodi ya nje hawaiwezi. Mwongozo huu ni wao, pamoja na walio kwenye vyumba vya kupanga vya watu binafsi, maana shida mara nyingi ni ileile.

Jambo la kwanza kabla ya yote: usisimamishe kodi kwa sababu nyumba inavuja. Tunajua inavyouma kulipia chumba ambacho usiku unahamisha kitanda kukwepa matone. Lakini ukiacha kulipa, faili yako inageuka kutoka faili ya matengenezo na kuwa faili ya deni, na mwenye deni hasikilizwi. Lipa kodi, tunza risiti, kisha dai ukarabati ukiwa na mikono safi. Hayo ni mambo mawili, yaendeshe kando kando.

Nyumba imeandikwa jina la nani?

Nenda ofisi ya mtaa na kitambulisho na nambari ya nyumba, uulize rekodi inasomaje. Likiwa ni jina lako, omba nakala ya mkataba wa upangaji na uiweke.

Likiwa ni jina la mzazi au mume aliyefariki, na hili ndilo tunaloliona sana Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, usijidanganye kwamba kulipa kodi miaka yote kumekufanya mpangaji. Risiti zinaonyesha tu kwamba akaunti ya marehemu inalipwa. Andika ombi la kubadilishiwa jina, uambatishe cheti cha kifo, kitambulisho chako, barua ya chifu inayoeleza uhusiano wenu na risiti za karibuni. Ndugu wote watu wazima watie saini kwamba wamekubali, tena mapema. Kinachokwamisha maombi haya mara nyingi ni kaka au dada anayejitokeza baadaye kupinga, na hapo faili inalala.

Likiwa ni jina la mtu baki, wewe ni mpangaji wa mpangaji. Unamtumia mtu pesa kwa M-Pesa kwenye nambari yake binafsi, naye anailipa kaunti sehemu ndogo, au hailipi kabisa. Kaunti haikujui. Mlango ukifungwa kwa deni lake, vitu vilivyomo ndani ni vyako. Katika hali hiyo usilipe miezi mingi mbele, usitie pesa zako kwenye paa wala sakafu, na kila mwezi mwombe akuonyeshe taarifa ya akaunti ya nyumba hiyo. Anayekataa kuionyesha amekujibu.

Deni la kodi

Usikubali tarakimu ya mdomo. Omba taarifa ya akaunti iliyochapishwa, keti na risiti zako na ujumbe wa M-Pesa, na uweke alama mwezi kwa mwezi. Makosa ya kawaida ni malipo yaliyoingia kwenye nambari ya nyumba ya jirani, na malipo ya zamani ambayo hayakuhamishwa mfumo wa kulipia ulipobadilishwa. Kila lililokosekana liandikie barua moja yenye tarehe, kiasi na nambari ya muamala.

Linalobaki ndilo deni la kweli. Peleka pendekezo la kulipa kabla hujafuatwa. Tuseme kodi ni 4,000 na deni ni 24,000. Pendekeza 6,000 kila mwezi kwa miezi 12, yaani kodi ya mwezi na 2,000 ya deni. Usiahidi 10,000 ili kumfurahisha afisa. Ukivunja mpango mwezi wa pili, mpango mwingine hutapewa kwa urahisi. Lipa kwa njia rasmi ya kaunti peke yake. Ukimpa mtu noti mkononi, hata akiwa na kitambulisho cha kazi shingoni, hujalipa.

Dalali akija, fahamu kwamba dalali halali ana leseni, huorodhesha mali, na hukuachia notisi ya maandishi yenye siku za kulipa kabla ya kuuza chochote. Anayekuja usiku, au anayebeba televisheni siku hiyohiyo bila karatasi, ripoti polisi na uchukue nambari ya kumbukumbu.

Maji yanatoka wapi?

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa, kwa kupaka rangi juu ya ukuta wenye maji. Rangi hubanduka baada ya wiki chache na ukungu unarudi. Tafuta chanzo kwanza.

Chukua kipande cha nailoni angavu cha sentimita 30 kwa 30, futa ukuta ukauke juu juu, kisha kibandike kwa selotepu pande zote nne. Kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa ndani: kupika, kuanika nguo, watu wengi kulala dirisha likiwa limefungwa. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanapita ukutani. Jaribio hili halikugharimu zaidi ya selotepu, na linakupa la kusema mbele ya afisa.

Doa la kahawia la duara kwenye dari ni paa. Tundu lenyewe huwa haliko juu ya doa, kwa sababu maji hutambaa kwenye mbao kabla ya kudondoka. Mwambie fundi aanzie juu zaidi ya doa, kuelekea kilele cha paa, na akague misumari ya bati ambayo mpira wake umekauka. Unyevu unaoanzia chini na kupanda mpaka karibu mita moja, ukiacha unga mweupe wa chumvi, unatoka ardhini. Kagua nje: mara nyingi udongo au sakafu ya uani imepandishwa ikawa juu kuliko sakafu ya ndani, au mfereji umeziba. Kuchimba udongo ule na kuzibua mfereji kunasaidia kuliko plasta mpya.

Ukungu uufute kwa Jik iliyochanganywa na maji, sehemu moja ya Jik kwa nne za maji, madirisha yakiwa wazi. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Gesi inayotoka inaumiza mapafu.

Baadhi ya nyumba za zamani zina paa la asbesto, zile shuka za kijivu zenye mawimbi zinazofanana na simiti. Usizitoboe, usizisugue kwa brashi, usizivunje. Zikiwa nzima hazina hatari kubwa. Vumbi lake ndilo linaloleta saratani ya mapafu. Kuziondoa ni kazi ya walioidhinishwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, na barua yako iseme wazi kwamba paa ni la asbesto.

Tuseme pia kuhusu chumba cha mabati kilichoongezwa uani. Tunaelewa kwa nini kinajengwa. Lakini kikiegemezwa kwenye ukuta wa nyumba bila mfereji wa paa, mvua yote inamwagikia ukutani, na kikiziba dirisha, chumba cha ndani hakipumui. Jiko la makaa likiachwa humo usiku milango ikiwa imefungwa, linaua. Isitoshe, afisa akikikuta atasema ndicho kilicholeta unyevu. Weka mfereji wa paa, na uache dirisha wazi, kabla hujaita mkaguzi.

Barua yenye nguvu

Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinamtaka mwenye nyumba ahakikishe nyumba ya kuishi inafaa binadamu wakati wa kupangishwa na inaendelea kufaa muda wote wa upangaji. Paa, kuta za nje na mifereji mikuu si kazi yako. Mpira wa bomba na kioo ulichovunja ni vyako.

Barua ifanane na hii:

"Kwa Mkuu wa Idara ya Nyumba, Kaunti ya Jiji la Nairobi. KUH: Paa linalovuja, nyumba nambari ___, mtaa wa ___. Mimi ni mpangaji wa nyumba hii tangu mwaka ___. Kodi imelipwa hadi mwezi wa ___. Taarifa ya akaunti imeambatishwa. Tangu tarehe ___ maji ya mvua yanaingia chumba cha kulala. Dari imebomoka upana wa mita moja na ukuta umeota ukungu. Niliripoti ofisi ya mtaa tarehe ___. Naomba ukaguzi ndani ya siku 14, kulingana na kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi, na nijulishwe kwa maandishi tarehe ya matengenezo. Picha nne zimeambatishwa."

Barua moja, kasoro moja. Ukiorodhesha kumi, afisa atajibu ile ndogo na kufunga faili. Chapisha nakala mbili, na usiondoke City Hall, makao ya kaunti, kabla nakala yako haijapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri ni kama haikuandikwa.

Siku 14 zikipita kimya, nenda kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo yako. Sheria ya Afya ya Umma, vifungu vya 118 na 119, inampa mamlaka ya kumwandikia mwenye nyumba amri ya kuondoa kero kama majitaka yanayofurika au nyumba yenye unyevu unaodhuru afya. Mpeleke aone, na umwombe nakala ya ripoti yake. Ripoti hiyo ina uzito kuliko picha zako mia.

Ukitaka kujua nyumba yako imetengewa matengenezo gani, tumia Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na isipojibu unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala, ambayo wengi wanaijua kama Ombudsman. Shida ikiwa ya safu nzima ya nyumba, andikeni ombi la pamoja kwa Bunge la Kaunti. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinawapa haki hiyo. Kila jina liwe na nambari ya kitambulisho na ya nyumba.

Stima

Nyaya za zamani hazikuwekwa kwa ajili ya shawa ya umeme. Shawa hizo hula wati 4,500 hadi 5,500, na soketi ya kawaida ya ampea 13 inamudu takriban 3,000. Shawa inataka waya wake mnene na swichi yake ya kukatia. Kuiunga kwenye waya wa taa ndiko kunakochoma nyumba. Soketi ikiwa ya moto mkononi, acha kuitumia na mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati.

Mnaogawana mita moja pia mnalipa zaidi. Tangu Aprili 2023 bei ya Kenya Power kwa nyumba ina madaraja matatu: hadi yuniti 30 kwa mwezi, kutoka 31 hadi 100, na zaidi ya 100. Familia tano zinazotumia yuniti 25 kila moja zingekuwa zote daraja la chini; kwenye mita moja zinafika 125 na kutozwa bei ya juu. Mita ya peke yako inafaa kuombwa hata ikichukua muda.

Kubaki au kuhama

Piga hesabu kwa mwaka. Tuseme unalipa kaunti 4,000 na bedsita ya nje ni 9,000. Tofauti ni 60,000 kwa mwaka, juu yake dipoziti ya 9,000, dipoziti ya maji na stima, na pikapu ya kuhamisha. Ongeza nauli kama unahama kutoka karibu na mjini: shilingi 100 zaidi kwa siku, siku 26, ni 2,600 kwa mwezi. Kwa hesabu hiyo wengi wanapaswa kubaki na kupigania ukarabati. Ila ukiwa na mtoto mwenye pumu au mzee mwenye kifua, ukuta wenye ukungu haungoji City Hall. Hama, hata kama ni chumba kimoja.

Ukihamia kwa mtu binafsi, piga picha kila ukuta siku ya kuingia na umtumie mwenye nyumba kwa WhatsApp siku hiyohiyo. Dipoziti ikikataliwa ukitoka, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na huhitaji wakili. Vyumba vya watu binafsi ambavyo kodi yake halali haizidi 2,500 viko chini ya Sheria ya Kudhibiti Kodi, na huko mwenye nyumba hana ruhusa ya kukufukuza bila amri ya baraza la kodi. Juu ya kiwango hicho ulinzi ni mdogo: anaweza kupandisha kodi kwa notisi. Akikuambia KRA, mamlaka ya ushuru, ndiyo imepandisha, jua kwamba kodi ya mapato ya nyumba, asilimia 7.5 tangu Januari 2024, ni yake yeye. Unaweza kujadiliana naye ukilijua hilo.

Mtaa wako ukitajwa kubomolewa

Jiandikishe mapema Boma Yangu, tovuti ya serikali ya nyumba za bei nafuu, kwa kitambulisho na PIN ya KRA, lakini usichukulie kujiandikisha kuwa ni ahadi ya nyumba. Kabla hamjatoka, chama cha wapangaji kidai makubaliano yaliyotiwa saini na kaunti, yenye jina la kila mpangaji, kiasi cha kupangia kwingine na kwa miezi mingapi, ukubwa wa nyumba mtakayorudia na bei yake, na nini kitatokea ujenzi ukichelewa. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika zaidi. Kiandikeni kwa tarehe, na kiasi cha ziada kwa kila mwezi wa kuchelewa.